"Limelight": ni mwanga wa chokaa, si wa ndimu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri, naandika kutoka Tanga. Tumepewa sentensi tatu zenye neno la Kiingereza "limelight". Kamusi niliyo nayo inasema ni umaarufu, basi. Mwenzangu mmoja ameshikilia kwamba asili yake ni mwanga wa ndimu, eti taa za jukwaani zamani zilitoa rangi ya kijani kama ganda la ndimu. Ni kweli? Na nikitafsiri niseme nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amekosea, lakini amejikwaa mahali ambapo wengi hujikwaa, hata Waingereza wenyewe. Neno "lime" katika lugha yao ni maneno matatu yaliyovaa nguo moja. Kuna ndimu. Kuna mti mkubwa wa kivuli unaoota Ulaya, usio na udugu wowote na ndimu. Na kuna chokaa. Lile la ndimu liliwafikia Wazungu kutoka upande wa Waajemi na Waarabu, na limau letu ni la ukoo huo huo. Lile la chokaa ni la zamani zaidi kwao. Hapo mwanzo lilikuwa jina la kitu chochote kinachonata, na ulimbo wa kunasia ndege wanauita kwa jina hilo hadi leo. Chokaa ililipata jina hilo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikishikanisha mawe ya ukuta.

Taa unayoniuliza ilikuwa taa ya chokaa. Chokaa hii hii yetu.

Nasema hii hii yetu kwa makusudi. Siku ukipata nafasi nenda Tongoni, hapo kusini mwa mji wenu, uguse makaburi yale ya nguzo na kuta za msikiti. Kilichoyashika mawe yale karne zote hizo ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Watu wa pwani walipanga magogo, wakapanga matumbawe juu yake, wakawasha moto ukawaka usiku na mchana. Kilichobaki kilikuwa jiwe jeupe, jepesi mkononi kuliko lilivyoingia, kwa kuwa moto umeitoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Jiwe hilo lina kiu ya ajabu. Nilipokuwa mdogo niliona fundi akilimwagia maji kwenye shimo. Kwa muda mfupi halikufanya chochote. Kisha likaanza kulia, likapasuka, mvuke ukapanda, na maji yakachemka bila kuni wala mkaa. Mzee alitufukuza kwa fimbo, maana tone moja la uji ule likirukia jichoni linaweza kulipofusha. Wengi tunaijua chokaa baada ya kupitia hatua hiyo, ikiwa imeshapoa na kulainika, ya kupakwa ukutani au ya kutiwa kwenye tambuu. Taa ya jukwaani ilitumia ile ya kabla ya maji, chokaa kavu yenye kiu.

Kwa nini chokaa? Kwa sababu haiogopi moto, imeshaupitia. Chuma kingeyeyuka mapema, na mti ungekuwa majivu. Chokaa huvumilia hadi kufikia nyuzi joto 2,600 hivi za Selsiasi ndipo iyeyuke, na kabla ya kufika hapo hugeuka kitu kinachong'aa weupe mkali. Shida ilikuwa kupata moto wa kiasi hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1820, Mwingereza Goldsworthy Gurney, mtu wa Cornwall, alikuwa akishughulika na bomba linalochoma haidrojeni pamoja na oksijeni. Moto wa gesi hizo mbili una joto kali sana, lakini wenyewe karibu hauonekani. Ukiuelekeza kwenye kipande cha chokaa, kipande kinawaka kama kimeshushiwa jua. Hilo nalipenda, kwamba moto hautoi nuru kubwa na jiwe peke yake halitoi nuru kabisa. Nuru inatoka pale vinapokutana.

Aliyeitoa taa hiyo chumbani na kuifanyisha kazi alikuwa mwanajeshi, si mtu wa michezo ya jukwaani. Thomas Drummond, Mskoti, alikuwa mhandisi katika jeshi la Uingereza. Aliona nuru hiyo ikionyeshwa na mwanasayansi Michael Faraday huko London, akaifikiria kazi iliyokuwa mbele yake, yaani kuipima Ireland yote na kuichorea ramani. Upimaji wa namna ile ulihitaji mtu asimame juu ya mlima mmoja na kukiona kituo kilicho juu ya mlima mwingine, mbali sana, katika nchi yenye ukungu na mvua karibu kila siku. Mwaka 1825, majira ya baridi yakiingia, Drummond alipanda Slieve Snaght, mlima wa Donegal, akapiga hema kwenye upepo, akaweka kipande cha chokaa kisichozidi gololi mbele ya kioo cha kurudisha mwanga. Moto wake ulikuwa wa spiriti uliopulizwa oksijeni. Wenzake walikuwa mlima Divis, karibu na Belfast, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Waliiona. Tangu siku hizo watu wakaiita taa ya Drummond, ingawa aliyeivumbua si yeye. Yeye mwenyewe alikwenda kufanya kazi ya serikali huko huko Ireland akafa mwaka 1840, bado kijana wa miaka 42. P. T. Barnum, mwandaaji wa maonyesho wa New York, hakuchelewa. Miaka ya 1840 aliiwasha juu ya jumba lake la maonyesho ili watu waone mbali kwamba kuna jambo, na hapo ndipo taa ya wapima ardhi ilipoanza kuita watu.

Sasa tuingie jukwaani. Mwaka unaotajwa ni 1837, katika ukumbi wa Covent Garden jijini London. Ili uelewe ilileta nini, fikiria jukwaa lilivyokuwa kabla yake. Kwanza mishumaa na taa za mafuta, kisha kuanzia mwaka 1817 gesi katika kumbi kubwa za London. Gesi iliangaza jukwaa zima kwa pamoja. Taa zilipangwa mstari mmoja mbele, miguuni mwa waigizaji, zikiwamulika kutoka chini, kwa hiyo kidevu kilikuwa na mwanga na macho yakawa na kivuli. Waigizaji walisogea mbele, karibu na ndimi zile, ili waonekane, na wapo waliolipia hilo kwa roho zao. Clara Webster, mcheza dansi wa miaka ishirini na kitu, nguo yake ilishika moto jukwaani katika ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1844, akafa siku chache baadaye. Hakukuwa na namna ya kumwambia mtazamaji, kwa mwanga tu, kwamba sasa mtazame huyu.

Taa ya chokaa ndiyo iliyoweza kusema hivyo. Nuru yake ilitoka sehemu moja ndogo, kwa hiyo iliweza kukusanywa kwa lenzi ikawa mkondo mmoja, na mkondo ukaelekezwa mahali unapotaka. Ilitumika kutengeneza mbalamwezi inayoingia dirishani au miale ya jua ikipita kwenye miti. Lakini zaidi ya yote ilitumika kumfuata mtu. Mwigizaji mkuu akiingia, nuru inaingia naye. Akienda kulia, inakwenda kulia. Akifa, inabaki juu ya uso wake mpaka pazia lishuke. Weupe wake ulikuwa laini, wa kupendeza kwenye ngozi ya mtu. Mwenzako na kijani chake apumzike.

Nataka nikae kidogo na mtu aliyeishika taa hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayelifungua neno lako. Alikuwa juu, kwenye jukwaa dogo la mbao pembeni ya pazia au kwenye roshani. Karibu naye au chini yake kulikuwa na mifuko miwili mikubwa, mmoja wa oksijeni na mmoja wa haidrojeni, imebanwa kati ya mbao na kuwekewa uzito juu ili gesi isukumwe bombani. Baadaye ikaja mitungi ya chuma. Chokaa yenyewe aliitoa kwenye kopo lililofungwa sana, maana ikikaa wazi hunywa unyevu wa hewa na kubomoka kuwa unga. Alikichomeka kipande cha mviringo kwenye kipini chake, akawasha moto mdogo kwanza ili kipate joto polepole, kisha ndipo akafungulia oksijeni taratibu. Akiharakisha, kipande kinapasuka. Kikianza kung'aa, kazi ndiyo imeanza. Moto ule huchimba shimo kwenye chokaa, na shimo likizidi kina mwanga unapungua, tena moto unaweza kurudishwa nyuma ukaipasua lenzi. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache ilibidi akizungushe kipande kidogo, kwa mkono, huku mkono mwingine ukiielekeza taa, jicho likiwa kwa mwigizaji, na sikio likisikiliza mlio wa gesi. Gesi zikichanganyika vibaya kwenye mifuko, ni mlipuko. Akifanya yote hayo sawasawa, hakuna mtu ukumbini anayejua kwamba yupo.

Nimefanya kazi ya taa za kufuatilia kwa miaka kadhaa, taa za umeme, katika kumbi za kawaida tu. Hazina chokaa wala mifuko ya gesi, lakini mengine ni yale yale. Unakaa gizani, mkono juu ya chuma chenye moto, unajifunza namna mwimbaji anavyopumua kabla hajapiga hatua, ili taa isimchelewe. Usiku mmoja nilimwacha mwimbaji. Alirudi nyuma nami nilitarajia aje mbele, na kwa muda kama wa kukohoa mara moja alikuwa gizani akiimba. Sauti haikubadilika hata kidogo. Lakini ukumbi mzima ulilegea, watu wakaanza kunong'ona na kugeukageuka vitini, mpaka nilipompata tena. Tangu usiku ule nalisoma neno hili tofauti na kamusi yako.

Mwisho wa karne ya 19 ndio uliokuwa wakati wake mkubwa. Mwigizaji Henry Irving, aliyeuongoza ukumbi wa Lyceum wa London kuanzia mwaka 1878, alikuwa hodari wa kupanga gesi na taa za chokaa pamoja, akizipaka vioo vyake rangi, akitumia giza kama kitambaa. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy, hapo hapo London, uliwashwa wote kwa umeme. Irving hakuukimbilia umeme, aliona unaua ulaini wa nuru. Mimi namwelewa. Lakini umeme haukuhitaji mifuko wala mtu wa kuzungusha jiwe, na baada ya muda chokaa ikaondoka majukwaani.

Neno halikuondoka. Kufikia miaka hiyo ya mwisho ya karne, Waingereza walikuwa wameshaanza kulitumia nje ya ukumbi, kwa mtu yeyote ambaye macho ya watu yako kwake, awe mwanasiasa, mwandishi au mtuhumiwa. Na kuna kibakizi kinachonifurahisha hadi leo: mafundi wa kumbi za Uingereza bado wanaziita taa zao za kufuatilia kwa jina la chokaa, ingawa wengi wao hawajawahi kuishika chokaa kazini.

Kwa hiyo kamusi yako haikudanganya, ila imelipunguza neno. Umaarufu unaweza kuwa wa mtu aliyekufa. Unaweza kuwa wa mtu asiyejulikana sura. Neno hili linasema jambo jingine: kwamba mtu huyu, sasa hivi, yumo ndani ya mwanga, wengine wamo gizani, na mwanga huo haukutoka kwake. Kuna mkono ulioushika. Leo ni wa mhariri, wa mtangazaji, wa mwenye kamera, wa umati wenye simu. Mkono ukigeuka, mwanga unakwenda kwa mwingine, na aliyeachwa hajapungukiwa na kitu chochote alichokuwa nacho.

Ukishalielewa hivyo, rudi kwenye Kiswahili, na hapo ndipo kazi yako inakuwa tamu. Sisi umaarufu wetu zaidi ni wa masikio. Mtu huvuma, huwika, hutajika, huwa gumzo, ana jina. Hata anayeonywa, huonywa kwa sauti: ngoma ikivuma sana hupasuka. Nadhani ni kwa sababu ngoma na vigodoro vyetu huvisikia mtaa wa tatu kabla hujaona anayecheza, na ukifika unakuta duara, si jukwaa. Hata karabai iliyotundikwa katikati ya uwanja humwangaza mchezaji na mtazamaji sawa, hamchagui mtu. (Karabai yenyewe ni ndugu wa mbali wa taa ya chokaa. Kile kifuko cheupe cha uzi kinachowaka ndani yake kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria miaka ya 1880, kwa kanuni ile ile: moto usio na nuru kubwa unakipasha joto kitu kisichoungua, nacho ndicho kinachong'aa.)

Lakini tunayo maneno ya mwanga pia, na hapa chagua kwa uangalifu. Kung'ara na kumulikwa si kitu kimoja. Anayeng'ara, nuru ni yake, kama dhahabu au nyota. Ndiyo maana tunasema nyota yake imewaka. Anayemulikwa anamulikwa na mtu. Ile "-w-" ndogo ndani ya kitenzi inatosha kumweka fundi wa chokaa juu kwenye roshani yake, haonekani, hatajwi, lakini yupo. Tena kumulika kwetu kuna kupendezesha na kuna kuumbua, maana nyoka humulikwa na mwizi humulikwa. Neno la Kiingereza nalo lina sura zote mbili. Anayemulikwa anaonekana vizuri, na hana pa kujificha.

Usitafsiri neno kwa neno. "Mwanga wa chokaa" au "taa ya chokaa" iache kwa ajili ya matini inayozungumzia taa yenyewe, kama jibu hili. Ukiandika kwamba msanii fulani yuko kwenye mwanga wa chokaa, msomaji wa Tanga atadhani nyumba inapakwa rangi.

Sentensi yako ya kwanza inamhusu mwimbaji aliyekaa kimya miaka kumi kisha akarudi kwenye "limelight". Hapa umaarufu wa masikio unakufaa, kwa kuwa ni mwimbaji: "Baada ya kimya cha miaka kumi, jina lake linavuma tena." Kimya na kuvuma vinajibizana vyenyewe, jambo ambalo hata Kiingereza chako hakikuwa nalo. Nafasi ya namna hiyo ukiipata, ichukue.

Ya pili ni ya daktari ambaye hakuipenda "limelight". Usiandike "hakupenda umaarufu", kwa sababu sentensi inayofuata inasema alikuwa anajulikana nchi nzima, na utakuwa umempinga mwandishi. Alichokwepa ni macho. "Hakupenda kumulikwa" inatosha. Kama unaona ni fupi mno kwa mtindo wa matini, andika: "Alijulikana nchi nzima, lakini hakupenda kuwa mbele ya macho ya watu." Angekuwa ni mtu wa aina ya pili, anayeitafuta taa kwa nguvu, vijana wa Dar es Salaam wangekupa neno lililokwisha kuchongwa: anatafuta kiki. Mzee angesema anauza sura. Yote mawili ni mazuri katika mazungumzo ya wahusika, ila kwa daktari huyu hayana kazi.

Ya tatu ndiyo ngumu, ile ya mpambe aliyemwibia bibi harusi "limelight". Ukiandika "alimwibia umaarufu" umeharibu, maana bibi harusi si mtu maarufu, na hakuna kilichoibwa kinachoweza kushikwa. Kwa lugha ya mtaani jibu lipo tayari: mpambe kamfunika bibi harusi. Nalipenda neno hilo. Aliyefunikwa bado yupo chini ya kifuniko, ila haonekani, na ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeachwa na taa. Ila matini yako ni ya hadithi iliyoandikwa kwa utulivu, na msimulizi wake hasemi kama watu wa mtaani. Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: "Mpambe alipoingia, macho ya watu yalimhama bibi harusi yakamfuata yeye." Soma kwa sauti uone: macho yanahama, yanafuata, kama ilivyokuwa ikifanya taa ile, na hukuhitaji kuitaja taa wala chokaa.